Siku nne Brussels: miji gani ya kwenda asubuhi na kurudi jioni?

MamaPili_Donholm

Wadau, hamjambo. Katikati ya Novemba nitakuwa Brussels kwa semina. Semina inaisha Ijumaa na ndege ya kurudi Nairobi ni Jumatano asubuhi, kwa hivyo Jumamosi, Jumapili, Jumatatu na Jumanne ni zangu. Hoteli iko karibu na stesheni ya Midi. Sitaki kuhamahama na sanduku. Nataka kulala hapo hapo, asubuhi nipande treni niende mji mdogo, jioni nirudi.

Mji upi uende siku ipi? Tiketi zinakatwa mapema kama za SGR, au unajitokeza tu stesheni? Kuna aliyeniambia Bruges na Ghent zinaunganishwa siku moja, mwingine akasema huo ni wazimu. Na je, naweza kuchomoka hadi London asubuhi na kurudi usiku? Viza yangu ya Schengen ni ya kuingia mara moja. La mwisho: magoti yangu na ngazi nyingi hayapatani.

Konda_wa_Reli

Mama Pili, treni za ndani za Ubelgiji zichukulie kama matatu za Thika Road, usizichukulie kama SGR. Hakuna kiti chenye namba. Tiketi ya kawaida hukokotolewa kwa umbali, unachagua tarehe, na siku hiyo unapanda treni yoyote ya njia hiyo. Aliyekata dakika tano kabla ya safari hulipa nauli ile ile ya aliyekata wiki mbili nyuma. Kampuni ni moja yenye majina mawili, SNCB kwa Kifaransa na NMBS kwa Kiholanzi, kwa hivyo usishtuke kuona herufi mbili tofauti kwenye behewa moja. Kata kwenye programu yao ya simu au kwenye mashine stesheni. Ukimlipa kondakta ndani ya treni kuna nyongeza, na unatakiwa umwambie kabla hujapanda. Akikukuta umetulia bila tiketi, hiyo ni faini.

Kadi ya GlobalPay ya M-Pesa ni ya mtandaoni, basi itumie kwenye programu. Mashine ya stesheni inataka kadi ya plastiki yenye chipu, au sarafu. Noti mashine nyingi hazizili. Tiketi ya simu hubeba jina lako na kondakta ana haki ya kudai kitambulisho, na betri ikizima huna tiketi. Beba chaja ya mkononi.

Ila kinachowapoteza wageni kuliko tiketi ni majina ya miji. Ubelgiji ina upande wa Kiholanzi kaskazini na upande wa Kifaransa kusini. Brussels iko katikati na hutumia lugha zote mbili, lakini treni ikishavuka mpaka wa lugha, maandishi na matangazo hubaki ya lugha moja tu. Bruges utaiona imeandikwa Brugge, Ghent ni Gent na Kifaransa chake ni Gand, Antwerp ni Antwerpen au Anvers, Mechelen ni Malines. Mbaya zaidi ni zile zisizofanana hata herufi moja ya mwanzo: Mons ni Bergen, Lille ya Ufaransa ni Rijsel. Liège nayo ni Luik. Stesheni yako ya Midi ni Zuid. Mtu anakaa stesheni ya upande wa Kiholanzi akingoja treni ya kwenda Mons, inapita mbele ya macho yake imeandikwa Bergen.

Mtego wa pili ni Leuven, ambayo kwa Kifaransa huitwa Louvain. Louvain-la-Neuve ni mji mwingine kabisa, uliojengwa kuanzia miaka ya 1970 baada ya chuo kikuu cha Leuven kugawanywa mwaka 1968 kwa ugomvi wa lugha. Ukiandika "Louvain" kwa haraka kwenye programu na kubofya jibu la kwanza, utashuka kwenye mji wa zege wa wanafunzi huku ukitafuta jengo la karne ya 15.

Sasa mwelekeo. Stesheni tatu kubwa za Brussels zimepangwa kwenye mstari mmoja: Midi kusini, Central katikati, Nord kaskazini. Treni nyingi za mwendo wa kasi wa ndani husimama zote tatu. Ipo njia moja inayovuka nchi nzima kutoka Eupen hadi Oostende: hupita Leuven, kisha Nord, Central, Midi, halafu Gent na Brugge. Ukiwa Midi, treni zake za pande zote mbili zinakuhusu, siku tofauti. Usitafute jina la mji wako peke yake kwenye ubao. Soma kituo cha mwisho. Ya Oostende inakupeleka Gent na Brugge. Ya Eupen inakupeleka Leuven, na ukisinzia utaamka karibu na Ujerumani.

Treni za Gent na Brugge hufika Midi zikiwa zimeshajaza Nord na Central. Asubuhi ya wikendi unaweza kusimama hadi Gent, nusu saa hivi. Za Antwerp mara nyingi hutoka kusini, kwa hivyo Midi unapata kiti kabla ya watu wa Central. Milango ina namba kubwa 1 na 2. Ukiwa na tiketi ya daraja la pili usiketi kwa 1 hata kama behewa ni tupu.

Mwanasheria_wa_Kayole

London usijaribu, dada. Viza ya kuingia mara moja hufa dakika unayotoka Schengen, hata kama siku zako bado zimebaki kumi. Utakwama upande wa pili na sanduku lako likiwa Brussels. Tena Uingereza inataka viza yake yenyewe, ya Schengen haiwafungulii mlango.

Ukitaka kuvuka mpaka kwa ladha tu, nenda Lille, Aachen au Maastricht. Zote ziko ndani ya Schengen. Lakini beba pasipoti yenyewe, usibebe kivuli chake. Ufaransa, Ujerumani na Uholanzi zimekuwa zikirudisha ukaguzi wa mipaka, na polisi hupanda treni. Hata ndani ya Ubelgiji sheria inataka utembee na kitambulisho.

ViatuVizuri

Kuhusu Bruges na Ghent siku moja: aliyesema ni wazimu hakukosea sana, kwa sababu ya mwezi utakaokwenda. Sisi tumezoea jua kuzama saa kumi na mbili na nusu mwaka mzima. Brussels katikati ya Novemba jua huchomoza karibu saa mbili asubuhi (08:00) na kuzama kabla ya saa kumi na moja jioni (17:00). Una saa tisa za mwanga. Toa saa mbili za treni kwenda na kurudi Brugge, toa kutembea kutoka stesheni, toa chakula. Mwezi wa Juni, jua likikaribia saa nne usiku, miji miwili inawezekana. Novemba utaona mmoja na nusu, na huo nusu utauona gizani.

Ukishikilia kuunganisha, anza na wa mbali. Nenda moja kwa moja Brugge, karibu saa moja, kisha ushuke Gent ukirudi, dakika 25 hivi kutoka Brugge. Gent taa zake za usiku ni nzuri kando ya mto, haidhuriki na giza. Kata vipande vitatu vya tiketi, Brussels–Brugge, Brugge–Gent, Gent–Brussels, ili kondakta asipate neno la kukuuliza.

Lakini una siku nne. Wape kila mmoja siku yake, na siku uzichague kwa kuangalia milango iliyofunguliwa.

Gent iwe Jumamosi. Kitu kikubwa huko ni picha ya Mwanakondoo ya ndugu wawili, Hubert na Jan van Eyck, iliyokamilika mwaka 1432, ndani ya kanisa kuu la Sint-Baafs. Jumapili asubuhi kuna misa, na watazamaji hawaingii mpaka saa saba mchana (13:00). Jumamosi inafunguka mapema. Tiketi ya picha ina saa yake maalumu, kwa hivyo hii ndiyo unayokata kabla, mtandaoni, hata kama treni hukati. Utaona paneli moja chini kushoto ina rangi tofauti kidogo. Hiyo ni nakala: ya asili iliibwa mwaka 1934 na haijapatikana hadi leo.

Stesheni ya Gent-Sint-Pieters haiko mjini. Ni mwendo wa nusu saa kwa miguu, na njia yenyewe haina cha kutazama, basi panda tramu hadi Korenmarkt, dakika kumi hivi. Gusa kadi ya benki kwenye kisomeo ndani ya tramu. Kutoka Korenmarkt kila kitu kiko karibu: daraja la Sint-Michiels ambapo minara mitatu inajipanga mstari mmoja, maghala ya zamani ya Graslei, na ngome ya Gravensteen iliyojengwa mwaka 1180. Ngome ina ngazi za mzunguko, nyembamba, zisizo na lifti. Mnara wa Belfort wa Gent una lifti, ukipanda ngazi chache za mwanzo. Kwa magoti yako, chagua Belfort na ngome uitazame kwa nje.

Brugge iwe Jumatatu. Najua Jumatatu makumbusho mengi ya Ubelgiji hufunga, na hapo ndipo wengi watakupinga. Lakini Brugge mtu huendea mji wenyewe: mifereji, madaraja, matofali. Wikendi mitaa ile ni kama Gikomba siku ya kufungua marobota. Jumatatu ya Novemba utapita bila kusukumwa, na mnara wa Belfort na kanisa la Mama Maria, Onze-Lieve-Vrouwekerk, hubaki wazi. Ndani ya kanisa hilo kuna sanamu ya marumaru ya Maria na Mtoto ya Michelangelo, iliyonunuliwa na wafanyabiashara wa Brugge yeye akiwa bado hai. Kuingia kanisani ni bure, sehemu yenye sanamu inalipiwa. Ni mita chache tu zaidi, usirudi bila kuiona kwa kudhani umeshaona kanisa.

Belfort ya Brugge ina ngazi 366 na haina lifti. Urefu wake ni mita 83. Iache.

Kutoka stesheni ya Brugge usipande basi. Tokea upande wa katikati ya mji, vuka barabara, fuata maji ya Minnewater, ingia Begijnhof, ile boma ya nyumba nyeupe iliyoanzishwa mwaka 1245 (ongea kwa sauti ya chini, kuna masista wanaoishi humo), halafu kanisa la Mama Maria, halafu Markt. Kwa mwendo wa kutazama ni kama dakika 40, na umeshaona nusu ya mji kabla hujafika katikati. Waliopanda basi hushushwa penye umati na kuanza ziara kinyume.

Na ujue kwa nini mji ule umebaki vile. Ulitajirika kwa vitambaa na sufu kupitia mkono wa bahari ulioitwa Zwin. Mkono huo ulipojaa mchanga, meli zikahamia Antwerp, Brugge ikakosa pesa za kubomoa na kujenga upya. UNESCO iliuorodhesha mwaka 2000, mwaka mmoja kabla ya Mji Mkongwe wa Lamu.

Chipukizi_Umoja

Na usisahau boti za kwenye mifereji ya Brugge, nusu saa hivi, magoti yanapumzika.

ViatuVizuri

Boti huanza Machi na kukoma katikati ya Novemba, Chipukizi. Mama Pili anafika pale pale zinapofungwa. Asizipangie. Akizikuta, ni bahati yake, ajifunge skafu kwa sababu upepo wa majini ni mwingine.

Msomaji_wa_Makumbusho

Wadau mmesahau mji unaotuhusu sisi kuliko Brugge, nao hauhitaji hata treni. Tervuren.

Panda metro hadi Montgomery, kisha tramu namba 44 hadi mwisho wa njia. Tramu hupita kando ya barabara pana yenye miti halafu inaingia msituni, chini ya nusu saa. Tiketi ni ile ile ya STIB, kampuni ya metro na tramu za Brussels: gusa kadi ya benki kila unapopanda, hata unapobadilisha kutoka metro kwenda tramu, na mfumo wenyewe hukoma kukukata ukifikia bei ya siku nzima. Tumia kadi ile ile kila mara. Ukigusa kadi asubuhi na simu mchana, mfumo unahesabu watu wawili.

Kutoka kituo cha mwisho ni dakika chache kwa miguu hadi jumba la makumbusho ya Afrika ya Kati. Mwaka 1897 mfalme Leopold wa Pili alileta Wakongo 267 kwa ajili ya maonyesho, na huku Tervuren wakawekwa kwenye vijiji vya kuigiza bustanini ili Wabelgiji waje kuwatazama. Saba walifariki, makaburi yao yako kwenye ua wa kanisa la mji huo. Watu wengi hutoka makumbusho na kurudi moja kwa moja kwenye tramu, hawajui kwamba kanisa liko karibu. Jengo la sasa lilifunguliwa mwaka 1910, likafungwa miaka mitano kwa ukarabati na kufunguliwa tena Desemba 2018. Siku hizi unaingilia jengo jipya la vioo na kupita njia ya chini ya ardhi, palipo na mtumbwi wa mti mmoja wenye urefu wa zaidi ya mita 20. Zile sanamu za kuwadhalilisha Waafrika zimekusanywa kwenye chumba kimoja cha pembeni. Ukumbi wa kumbukumbu wenye majina ya Wabelgiji waliofia Kongo bado uko, maana sheria ya kulinda majengo ya kale hairuhusu kuubomoa. Wamejibu kwa kuweka kazi za wasanii wapya mbele yake. Kama jibu hilo linatosha, utaamua mwenyewe.

Jumatatu hufungwa. Kwa hivyo Tervuren ni Jumanne, Mama Pili, na panatosha siku nzima ukiongeza bustani na maziwa yake. Lifti zipo.

Kuna faida nyingine ya kuiweka akibani. Wafanyakazi wa reli wa Ubelgiji hugoma mara kwa mara. Mgomo wa reli pekee hausimamishi tramu ya 44, kwa kuwa STIB ni kampuni nyingine. Ukisikia mgomo Jumamosi au Jumapili, peleka Tervuren siku hiyo na usogeze mji wa treni hadi Jumanne. Kabla ya mgomo kampuni ya reli hutoa ratiba ya dharura saa 24 mbele. Treni chache, lakini zile zilizoandikwa kwa kawaida huja.

Konda_wa_Reli

Naunga mkono. Imebaki Jumapili, na mimi naipa Antwerp, ingawa mtu atasema si mji mdogo. Sawa, si mdogo. Lakini umbali wake ni kama Nairobi hadi Thika, na stesheni peke yake inatosha safari. Ilifunguliwa mwaka 1905, kuba lake lina mita 75, na reli zimepangwa kwa ghorofa, moja juu na nyingine mbili chini ya ardhi. Treni yako ya kurudi inaweza kuwa ghorofa yoyote, kwa hivyo soma ubao kisha ujipe dakika kumi za kushuka. Tena hakikisha umeshuka Antwerpen-Centraal. Antwerpen-Berchem huja kwanza, na wageni huruka nje mara tu wanaposikia "Antwerpen".

Jumapili asubuhi maduka mengi ya barabara ya Meir yamefungwa na kanisa kuu liko kwenye misa hadi mchana. Usipigane nalo. Asubuhi nenda jumba la Plantin-Moretus, kiwanda cha uchapaji cha karne ya 16 chenye mashine mbili za kuchapa kongwe kuliko zote zilizobaki duniani. Saa saba kanisa kuu hufungua, na ndani kuna picha kubwa za Rubens, ya kuinuliwa msalabani na ya kushushwa msalabani. Nyumba ya Rubens mwenyewe usiiwekee matumaini, imefungwa kwa ukarabati wa miaka mingi. Bustani ndiyo inayotazamwa.

Halafu tunnel ya Sint-Anna, bure kabisa. Ilifunguliwa mwaka 1933, inapita chini ya mto Scheldt kwa miguu, mita 572, kina cha mita 31. Unashuka kwa ngazi za umeme ambazo bado ni za mbao, za tangu enzi hizo. Zikikorofisha kuna lifti kubwa ya baiskeli na watu. Ukitokea upande wa pili geuka nyuma, mji wote umekaa mbele yako.

Jioni ya Jumapili treni hujaa wanafunzi wanaorudi vyuoni na masanduku, hasa za kuelekea Leuven na Gent. Ya kutoka Antwerp kwenda Brussels ina nafuu kidogo, lakini rudi kabla ya saa kumi na mbili (18:00) kama unataka kiti. Na wikendi ndipo hutengeneza reli. Programu ikionyesha alama ya basi katikati ya safari, usidhani ni kosa. Utashushwa, upande basi, kisha treni tena.

Mwanasheria_wa_Kayole

Mechelen mmeipita hivi hivi. Kwenye njia hiyo hiyo ya Antwerp, kama dakika 25 kutoka Brussels, kuna Kazerne Dossin, kambi ambako zaidi ya Wayahudi na Waroma 25,000 walipakiwa kwenye treni kwenda Auschwitz kati ya 1942 na 1944. Hufungwa Jumatano, hivyo Jumatatu iko wazi. Ila mnara wa Sint-Rombout hapo una ngazi 538, usithubutu.

MamaPili_Donholm

Asanteni sana, mmenifungua macho. Basi: Jumamosi Gent, Jumapili Antwerp, Jumatatu Brugge, Jumanne Tervuren. Mechelen naiweka ya akiba mvua ikizidi Brugge.

Mawili yamebaki. Chakula cha mchana kinapatikana saa ngapi, nisije nikazunguka na njaa? Na stesheni ya Midi usiku, niogope?

ViatuVizuri

Chakula: jikoni za mikahawa mingi huzimwa kati ya saa nane mchana na saa kumi na mbili jioni. Mtu anayefika saa tisa akitegemea ugali wa kuchelewa kama wa hapa mjini ataambiwa kuna vinywaji tu. Kula kati ya saa sita na saa saba unusu, na uliza chakula cha siku, *dagschotel* upande wa Kiholanzi. Huwa ndicho cha bei nafuu na hakichelewi. Maji utauziwa kwa chupa, ya bomba hawakuletei kama hujaomba, na wengine hata ukiomba hawakuletei.

Ukikosa, tafuta kibanda cha chipsi, *frituur*. Hukaangwa mara mbili, kwanza kwa moto wa kadiri ndipo ziive ndani, halafu kwa moto mkali ndipo zikauke nje. Kwa desturi mafuta ni ya ng'ombe, kwa hivyo asiyekula nyama, au anayetaka halali, aulize kwanza. Sosi inalipiwa kando.

Huko Gent, Brugge na Antwerp zungumza Kiingereza. Ukianza na Kifaransa cha Alliance, utajibiwa, lakini kwa uso mkavu. Choo cha stesheni ni cha kulipia, weka sarafu za euro moja mfukoni. Na viatu viwe na soli nene isiyoteleza: mawe ya mitaa ya Brugge yakilowa ni kama sabuni, na ndiyo yatakayoyasumbua magoti yako kuliko mnara wowote.

Konda_wa_Reli

Midi haina ubaya wa kuogopesha, ina wezi wa mifuko. Wanafanya wawili wawili. Mmoja anakuuliza njia au anagonga dirisha la treni kutoka nje, wewe unageuka, mwenzake anachukua mkoba ulioweka rafu ya juu, anashuka, mlango unafungwa. Mkoba wenye pasipoti ukae mapajani, usiuweke juu wala chini ya kiti. Hatari kubwa ni zile dakika mbili za kusimama, treni ikishaondoka unaweza kupumua. Usiku tokea mlango ulio karibu na hoteli yako badala ya kuzunguka jengo kwa nje.

Saa zitakuchanganya siku ya kwanza: Novemba Brussels iko nyuma ya Nairobi kwa saa mbili, na ubao husoma kwa saa 24. 17:04 ni saa kumi na moja na dakika nne jioni. Kila asubuhi, kabla hujatoka stesheni ya mji uliofikia, piga picha ubao wa treni za kurudi. Njia kubwa hizi zina treni kila nusu saa hivi, au mara nyingi zaidi ya hapo, lakini baada ya saa nne usiku hupungua haraka.

Jumatano ya ndege, kata tiketi hadi stesheni iitwayo Brussels Airport-Zaventem, usikate ya hadi Zaventem. Stesheni iitwayo Zaventem peke yake ni ya kijiji cha jirani. Bei ya uwanja wa ndege ina ada ya ziada iitwayo Diabolo ndani yake. Tiketi isiyo na ada hiyo haifungui vizuizi vya kutokea, na utabaki ndani ukiitafuta mashine wakati foleni ya kukabidhi masanduku inaongezeka juu yako.